Njiwa wa Nuhu na vyura wa Kihansi



Habari ya safina ya Nuhu wengi wetu tuliisikia tukiwa watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na wengi tumebaki na picha ileile: wanyama wawili wawili, mlango unafungwa, maji yanajaa, kisha upinde wa mvua. Lakini ukifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 8, utaona kwamba kati ya mvua kukatika na upinde kutokea kuna kazi ndefu ambayo katekista aliiruka. Mvua ilinyesha siku 40. Nuhu alikaa ndani ya safina zaidi ya mwaka mzima: mafuriko yalianza mwezi wa pili tarehe 17, naye akatoka mwezi wa pili tarehe 27 ya mwaka uliofuata. Hesabu mwenyewe.

Alikuwa akingoja nini muda wote huo? Alimtuma kunguru. Akamtuma njiwa, naye hakupata pa kutua, akarudi, na yule mzee akanyosha mkono kumpokea. Akangoja siku 7, akamtuma tena, na jioni akarudi na jani bichi la mzeituni mdomoni. Akangoja siku 7 nyingine. Hata njiwa alipokwenda moja kwa moja asirudi, Nuhu hakuufungua mlango mpaka Mungu alipomwambia atoke. Kumbe safina ilikuwa mahali pa kungojea tu. Hakuna mnyama aliyeumbwa aishi safinani, na wokovu wao ulikuwa haujakamilika mpaka nchi iwe tayari kuwapokea.

Nimekuwa nikimfikiria njiwa huyo kwa sababu ya vyura. Usicheke, msomaji, ingawa najua Watanzania tumewacheka sana vyura hawa. Nazungumzia vyura wa Kihansi, wale waliopanda ndege kwenda Marekani wakati wengi wetu hatujawahi hata kuuona uwanja wa ndege kwa ndani.

Ukisafiri kwa basi kutoka hapa Songea kwenda Dar es Salaam, ukishapita Njombe na Makambako, unafika Mafinga. Upande wako wa kulia, ng'ambo ya mashamba ya chai ya Mufindi, nchi inaanza kuporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Huko, kwenye milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, Mto Kihansi ulikuwa ukijitupa kutoka juu kwa kishindo, na maporomoko yake yakirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Chini yake, katika vipande vya ardhi ambavyo kwa jumla havikuzidi sana hekta 2, paliota majani laini na mimea midogo iliyolowa siku zote. Si eneo kubwa. Tunayo mashamba ya mahindi ya parokia yanayolizidi.

Ndani ya hekta hizo mbili, na si mahali pengine popote duniani, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu. Mkubwa wao hafiki sentimeta 3. Tena hatagi mayai majini kama vyura tunaowasikia bondeni usiku. Huzaa watoto waliokwisha kukamilika, wadogo kuliko punje ya hindi. Wataalamu walimkuta mwaka 1996. Wakati huo ujenzi wa bwawa la kufua umeme ulikuwa tayari unaendelea.

Umeme huo tuliuhitaji, sitaki mtu aelewe vibaya. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na kwa nchi yetu ya wakati ule hiyo haikuwa kidogo. Lakini mitambo ilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mto zilipelekwa kwenye njia ya chini ya mwamba, na maporomoko yakanyamaza. Manyunyu yakakoma. Majani yaliyolowa tangu kuumbwa kwake yakakauka.

Hapo ndipo safina ilipoundwa. Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo, katika jimbo la Ohio. Huku nyumbani, mwaka 2001, yalitandazwa mabomba yenye vinyunyizio korongoni, yakitumia mteremko wenyewe kusukuma maji, ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Na ikafaa. Majani yakarudi, vyura waliobaki wakaongezeka, na kufikia katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufika kama 20,000.

Kisha, ndani ya miezi michache, wakafa. Mwanzoni mwa mwaka 2004 waliotafuta waliwakuta wa kuhesabu kwa vidole, na baada ya hapo hakuonekana tena hata mmoja. Maji ya kunyunyiza yalikuwapo. Majani yalikuwapo. Lakini kulikuwa na ugonjwa wa kuvu ambao umeangamiza vyura katika mabara mengi, na zilishukiwa pia dawa za kilimo kutoka mashamba ya juu ya mto, zilizotuama kwenye tope la bwawa. Mwaka 2009 chura huyo akaandikwa rasmi kuwa ametoweka porini. Hata kule safinani hali ilikuwa imetisha: kuna wakati kati ya wale 499 na vizazi vyao walibaki chini ya 100. Iliwachukua watunzaji miaka kujifunza mwanga gani unawafaa, chakula gani, unyevu kiasi gani.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nyumbani, wakawekwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012, baada ya majaribio, zaidi ya 2,000 waliachiwa katika korongo la Kihansi, na wengine wakaongezwa miaka iliyofuata. Kurudi kwao ni kwa kulegalega, kama mgonjwa anayejifunza tena kutembea, na hawajafikia wingi wao wa kale. Mabomba yale hayajazimwa.

Miaka 12 njiwa alikuwa akitumwa na kurudi.

Niliwahi kusimulia habari hii katika jumuiya ndogondogo moja, na mama mmoja wa WAWATA, mtu mzima anayeheshimika, akaniuliza bila kuzunguka: "Padre, fedha hizo zote kwa vyura, na zahanati yetu haina dawa?" Wengine wakaguna kwa kukubali. Ni swali lililoulizwa vijiweni na redioni kwa miaka mingi, na halijibiwi kwa kumwambia mtu kwamba hajaelimika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe iko upande wake kwa sehemu. Namba 2418 inakataza kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu, na papo hapo inasema haistahili kuwatumia wanyama fedha ambayo ilipaswa kwanza kuondoa taabu ya wanadamu. Zote mbili, katika namba ileile.

Jibu langu kwa mama yule lilikuwa na sehemu mbili, na sijui kama lilimridhisha, maana alinitazama tu, kisha akaendelea kumenya karanga zake.

Kwanza, gharama ya vyura ilikuwa sehemu ya gharama ya umeme, ila ilichelewa kuandikwa kwenye ankara. Mto ulipochukuliwa, kulikuwa na wapangaji korongoni, na waliopanga mradi walikuwa hawajawahesabu kabla ya kuanza kujenga. Anayejenga mnara, Bwana Yesu anatuambia katika Luka 14, huketi kwanza akapiga hesabu. Kama hesabu ingefanywa mapema, pengine bwawa lingepangwa namna nyingine, kwa bei nafuu, na hakuna chura angepanda ndege. Fedha nyingi tunazodhani zimetumika kwa ajili ya viumbe, ukizichunguza, zimetumika kulipia haraka ya wanadamu.

Pili, chura hunywa maji kwa ngozi yake. Hana mtungi, hana chujio, hachemshi. Kilichomo mtoni kinaingia mwilini mwake kwanza. Kama sumu ya mashambani ilifika kwake, ilipita wapi kabla ya kufika? Ilipita kwenye vijiji, kwa akina mama wanaochota maji. Yule chura wa dhahabu na mtoto wa zahanati ile isiyo na dawa wanaweza kuwa wanaugua kutoka mto mmoja.

Na juu ya hayo yote, liko neno ambalo marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alilisema katika waraka wake Laudato si', wa mwaka 2015: kwamba kwa sababu yetu maelfu ya aina za viumbe hazitamtukuza tena Mungu kwa kuwapo kwake, na kwamba hatuna haki ya kufanya hivyo. Nilipousoma mara ya kwanza nilisimama hapo. Sisi mapadre husali Masifu kila asubuhi, na mara nyingi tunaalika nyota, baridi, nyangumi na wanyama wa mwituni kumhimidi Bwana. Tunawaalika. Kumbe wengine tumekwisha kuwafukuza kanisani.

Nirudi kwa njiwa. Wapo watu wanaodhani kwamba ukikipenda kiumbe, inatosha kukifungia mahali salama. Nitakupa mfano wa mbali, Uingereza, kwa sababu kosa lake linafundisha vizuri. Walikuwa na kipepeo mmoja mkubwa wa rangi ya buluu. Kiwavi wake huanza maisha akila maua ya mmea mdogo wa porini wenye harufu nzuri, wa ukoo mmoja na rihani na kivumbasi chetu. Watu walimpenda kipepeo huyo mno, na wakusanyaji wakamfukuzia kwa nyavu ili wampige pini kwenye makasha ya vioo. Kwa hiyo wenye nia njema wakazungushia uzio sehemu ya malisho yake. Wakusanyaji wakazuiwa. Ng'ombe na kondoo nao wakazuiwa. Maua yalikuwapo ndani ya uzio, na vipepeo wakaendelea kupungua. Mwaka 1979 wakatoweka Uingereza kabisa.

Aliyefumbua fumbo hilo ni mtaalamu mmoja, Jeremy Thomas, aliyekaa miaka kadhaa kwenye nyasi akimtazama kiwavi. Akaona kwamba kiwavi hula ua kwa majuma matatu hivi tu, kisha hujiangusha chini na kungoja. Anapita sisimizi mwekundu wa aina moja mahususi, anadhani huyu ni mtoto wake aliyepotea, anambeba mpaka nyumbani. Huko chini ya ardhi kiwavi hukaa karibu miezi 10 akila watoto wa sisimizi. (Ndiyo, shukrani ya punda. Uumbaji wa Mungu haukuandikwa na mtunzi wa hadithi za watoto.) Sisimizi huyo anataka udongo wenye joto, na udongo hupata joto pale nyasi zilipo fupi, na nyasi hubaki fupi pale mifugo inapokula, au sungura. Mifugo ilikuwa imeondolewa, na sungura walikuwa wamekufa kwa maradhi katika miaka ya 1950. Nyasi zikarefuka kwa sentimeta chache tu, udongo ukapoa, sisimizi wakahama, na kipepeo hakuwa na wa kumbeba.

Wakarudisha ng'ombe kwanza. Wakasubiri nyasi, wakasubiri sisimizi. Kisha, katika miaka ya 1980, wakaleta vipepeo wa aina ileile kutoka Sweden, na leo wanaruka tena Uingereza kwa maelfu, na maua yale madogo yamejaa tena kwenye miteremko. Ng'ombe, ambaye alidhaniwa adui, alikuwa ndiye mtunza nyumba.

Nikisoma hayo namkumbuka kijana mmoja wa parokia niliyotumikia zamani. Alikuwa amezama katika pombe, komoni asubuhi, ulanzi jioni. Akaenda mafungo ya siku 9, akarudi uso unang'aa, akaungama, akaanza kuimba kwaya. Baada ya miezi miwili alikuwa kilabuni tena. Watu walisema hakuokoka vizuri. Mimi nilikuwa nimeiona nyumba aliyorudi. Chumba kimoja, ukuta mmoja na kilabu, baba na kaka zake wakinywea mlangoni kwake, kibarua hana. Baadaye mjomba wake wa Namtumbo alimchukua akamkabidhi shamba la tumbaku na baiskeli. Huko ndiko alikopona, na aliporudi kuoa alikuwa mtu mwingine. Mafungo yalikuwa safina nzuri sana. Mjomba ndiye aliyetafuta nchi kavu.

Basi tuje hapa kwetu, maana vyura wako Udzungwa na vipepeo wale wako Ulaya, nasi tuko Songea. Katika nyika na miombo ya Afrika wapo vipepeo wadogo wa buluu walio ndugu wa yule wa Uingereza, na mienendo yao ni ileile: kiwavi huanza juu ya maua, mara nyingi ya mimea ya jamaa ya kivumbasi, kisha sisimizi humchukua kwenda kumlea. Kwa hiyo ule mmea tunaoufyeka kando ya njia, ambao bibi zetu waliuchoma kufukuza mbu, unaweza kuwa meza ya chakula ya kiumbe ambaye hatujawahi hata kumpa jina katika Kingoni.

Na sisi tunao ng'ombe wetu, yaani moto. Kila mwaka, kuanzia Agosti, ukisimama mjini usiku utaona mistari myekundu ikitambaa juu ya milima ya Matogoro. Mwindaji wa panya anawasha. Mwenye shamba anawasha. Mtoto anawasha kwa kuwa ameona wengine. Mahubiri mengi juu ya mazingira husema: moto ni dhambi, acheni moto. Sikubaliani nayo yote. Miombo imeishi na moto kwa karne nyingi, na yapo maua ya porini ambayo huchipuka vizuri baada ya majani makavu kuondoka. Maafisa misitu wametufundisha kwamba moto mwepesi wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini na kuacha miti ikiwa hai, wakati moto wa mwezi wa tisa au wa kumi, jua likiwa limekausha kila kitu, huua machipukizi, mbegu na mizizi, na huacha mlima uchi mbele ya mvua za kwanza. Kiberiti ni kilekile. Tofauti ni mwezi.

Huo ndio ujuzi wa kukaa kwenye nyasi na kutazama. Wazee wetu walikuwa nao, walijua mlima gani unachomwa lini na nani anasimama na matawi mabichi mpakani. Siku hizi kila mtu ana kiberiti chake na hakuna wa kumuuliza. Mto Ruvuma, uliolipa jina mkoa wetu, unaanzia katika milima hiyohiyo ya Matogoro, na vijito vinavyonywesha mji huu vinatoka pande hizo. Kabla maji hayajafika bombani kwako, yamepita kwenye mizizi ya mimea ambayo hatujui majina yake.

Kamati za maendeleo za vigango huwa na ajenda za bati, mabenchi na mchango wa Askofu. Ningependa mwaka huu, kabla ya mwezi wa tano, ajenda mojawapo iwe tarehe ya moto: lini tutachoma mipaka ya mashamba ya kigango, nani atakuwapo, na nani atazungumza na majirani zetu wa msikitini na wa makanisa mengine, kwa sababu moto hauulizi dhehebu. Mwaliko huo nimeshauanza kwangu. Mzee mmoja, aliyekuwa mlinzi wa msitu enzi za ujana wake, amekubali kutupeleka mlimani Jumamosi moja baada ya Misa ya asubuhi atuonyeshe wapi nyasi hukauka kwanza. Ametuambia tuje na viatu vya kufunika vidole, na tusimtegemee kutembea polepole.